Akaunti ya Shemeji

Jumatano, 14 Mei 2025

Nimeamua. Nanunua simu ya tachi na kompyuta — vyote viwili, kwa mpigo! Anayetaka kucheka acheke.

Leo kikao cha kikundi chetu cha wafuga nyuki hapa Itigi. Mzee Naftali, mwenyekiti, katuambia mnunuzi mpya wa asali anataka kujua kila mzinga uko wapi. Picha ya mzinga, mahali pake kwenye ramani ya simu, na orodha iliyochapwa. Mwisho Jumamosi ya tarehe 14 Juni. Atakayeuandikisha mzinga ndiye mwenyewe. Usioandikwa, basi tena.

Hapo ndipo Sixbert akasimama. Mdogo wake marehemu mume wangu. Eti mizinga ya kaka yake ataiandikisha yeye "kwa niaba ya ukoo", maana mwanamke hajui porini. Wanaume wakaguna kukubali. Wee! Nami nikasimama. Nikasema mizinga ya mume wangu Sostenes ni thelathini na miwili, na kila mmoja alama nilipiga mimi, kwa mkono huu. Nati kubwa ya chuma — naipasha kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, naikandamiza kwenye gogo. Inaacha pembe sita na tundu katikati. Nati ninayo sandukuni. Nani mwingine anayo?

Mzee Naftali akafunga kikao.

Nisichokisema: ninayoijua ilipo ni kumi na tisa tu. Mfuga nyuki haonyeshi mtu mizinga yake, hata mkewe. Sostenes aliniambia, "Iliyobaki nitakupeleka kiangazi." Novemba tukamzika. Kumi na mitatu iko huko vichakani na sijui pa kuanzia. Na asali ya huko ndiyo inayomsomesha Happiness wangu Dodoma.

Nitaipata. Sijui vipi, lakini nitaipata.

Jumamosi, 17 Mei

Singida mjini. Duka la kijana anaitwa Ashrafu. Kaniona kitenge na ndala za vumbi, akaniletea kitochi, simu ya vitufe. Eti chaji inakaa wiki nzima, mama. Nikamwambia kitochi ninacho, kimechoka kunisikiliza. Nataka simu yenye ramani inayofanya kazi hata porini, na kamera inayoona juu ya mti. Akanyoosha mgongo! Toka hapo akawa ananiita bosi.

Kwenye kompyuta akaanza kunisifia rangi. Rangi nitaila? Nikamwambia awashe, azime, awashe tena. Aikate kwenye umeme tuone inakaa. Mzinga huununui bila kuugonga. Tumekaa hapo mpaka adhuhuri, wateja wengine wamekuja wamekwenda. Mwishowe kaniongezea begi na kava bure ili niondoke.

Boksi nimelipakata kwenye basi mpaka Itigi. Konda alitaka liende kwenye buti. Thubutu!

Nyumbani mama mkwe wangu, Bibi Eliza, kaipapasa kompyuta yote kwa vidole. Macho yake siku hizi yanataka kitu kiwe karibu na kikubwa. Akauliza, "Humo ndani Sostenes yumo?"

Nikamwambia hayumo, mama. Humo kunakaa kile ulichokiweka. Na picha ya Sostenes tuliyonayo ni ile ya kitambulisho, ndogo kama ukucha.

Akasema basi hata sioni uliinunulia nini. Nikacheka. Halafu nikaenda jikoni nikakaa kidogo.

Jumapili, 18 Mei

Kuseti simu ni kazi, jamani! Inataka akaunti. Naandika jina, inataka mwaka wa kuzaliwa. Naandika mwaka, inasema inatuma namba za kuhakikisha. Namba haziji. Mtandao wa kwetu unakuja ukipenda. Mara tatu. Mara ya nne ningeitupa kisimani.

Sixbert alikuwa amekuja kumwamkia mama yake baada ya misa. Kaniona natoka jasho. Akasema, "Shemeji, unajitesa nini? Weka akaunti yangu. Sisi si familia moja?" Akaandika mwenyewe kwenye simu, akaandika na kwenye kompyuta. Dakika tano, kila kitu kinawaka!

Nimeona aibu kwa yote niliyomwazia kikaoni. Huyu ndiye aliyenishika mkono makaburini, akalia mpaka akakaa chini. Nimemchinjia jogoo. Tumekula wote watatu, na Bibi kafurahi kuliko sisi.

Jumatano, 21 Mei

Somo la kwanza kwa Mwantum, mwenye steshenari karibu na stesheni ya treni. Nimechapa jina langu: AGRIPINA. Mwantum akasema, "Mama Happy, unampigia kelele nani?" Kumbe kuna kitufe cha kuzima herufi kubwa. Mimi nimeziacha. Zinanifaa.

Mwantum ana sheria moja. Kila nikitoka porini, picha zote niziingize kwenye kompyuta kwa waya. Simu huibiwa, anasema, hudondoka, huzama chooni. Kilicho ndani ya kompyuta ndicho chako.

Simu imekuja na picha za ng'ombe. Sijui dukani wanaziweka za nini. Wazuri lakini!

Jumamosi, 31 Mei

Kumi na tisa — yote! Siku nane za vichaka, mimi na panga na mbwa. Miiba imenila mpaka masikio. Kila mzinga nauweka kwenye ramani kwa kialama chekundu, napiga picha, nyumbani nachapa. Orodha yangu imenyooka, safu nne, hakuna kosa. Mwantum kasema hata yeye hachapi hivi. (Anachapa. Lakini alisema.)

Kumi na mitatu bado. Nimezunguka mpaka ng'ambo ya korongo, hakuna kitu. Wiki mbili zimebaki.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekaa chini kwanza.

Asubuhi Sixbert kanipita njiani. Akasema, pole na kazi shemeji, naona ulishuka mpaka kwenye ule mzinga wa korongoni, kule kuna nyoka, angalia.

Unaona? UNAONAJE? Mbwa ndiye shahidi wangu pekee, naye hasemi.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Mwantum. Akachukua simu, akabonyeza hapa na pale, akauliza, "Akaunti hii ya nani?" Nikamwambia ya shemeji, ya familia. Akanitazama vile unavyomtazama mtu aliyemwachia fisi ufunguo wa zizi. Kila kialama nilichoweka kilikwenda kwenye simu ya Sixbert. Siku nane nimemwonyesha mizinga ya mume wangu mmoja mmoja, na jogoo nikampa!

Nikatukana. Kinyaturu chote nilichonacho. Mwantum akasubiri niishe. Kisha akasema polepole, "Lakini mama Happy, mlango huu una pande mbili. Yeye anaona vyako. Na wewe unaona vyake."

Ng'ombe! Wale ng'ombe ni wake!

Tukafungua kwenye kompyuta, skrini kubwa, tukarudi nyuma mwezi hadi mwezi. Ng'ombe. Harusi ya mtu. Pikipiki. Ng'ombe tena. Tukafika Agosti mwaka jana — mizinga. Nikahesabu mara mbili. Kumi na mitatu. Kila mmoja una pembe sita na tundu katikati. Alama yangu! Na ukigusa picha, ramani inakuonyesha ilipopigwa.

Ya mwisho ni Sixbert kajipiga mwenyewe, meno yote nje. Nyuma yake, juu ya mti, Sostenes. Kamba mkononi, anafunga mzinga, anacheka na yeye. Miezi mitatu kabla hatujamzika.

Na huyu ndiye aliyetuambia matangani, mbele ya watu wote, kwamba kaka yake hakuwahi kumwonyesha hata mzinga mmoja.

Nimelia pale dukani. Si kwa mizinga. Nimemlilia Sostenes, alivyokuwa anacheka. Mwantum kafunga mlango, kageuza kibao, kazinakili picha zote ndani ya kompyuta yangu. Nakala nyingine kaweka kwenye flashi, flashi kaificha anapojua yeye.

Bibi sijamwambia. Anaitamani sura ya mwanawe usiku na mchana. Lakini nitamwonyeshaje mmoja bila kumwonyesha na mwingine?

Jumapili, 8 Juni

Mdomo wangu huu! Mungu alinipa kila kitu akanisahaulia kufuli.

Jana gulioni nimekutana na Sixbert. Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza mpaka siku ya kikao. Nikamsalimia vizuri. Nikanunua chumvi. Nikageuka niondoke — nikageuka tena. "Shemeji, ng'ombe wako wamenona. Hasa yule aliyevunjika pembe."

Hajawahi kunionyesha ng'ombe huyo. Uso ulimshuka.

Leo asubuhi simu ni tupu. Picha zake hakuna. Vialama vyangu kumi na tisa navyo vimefutwa, kila kitu, ramani nyeupe. Nimekimbilia kompyuta hata ndala sijavaa.

Zipo. Zote zipo! Na orodha ipo. Mwantum, Mungu akupe maisha marefu na wateja wasiokopa.

Jioni tumefungua akaunti mpya, yangu mwenyewe. Tulisimama nje kwenye kichuguu tukisubiri zile namba, zikaja! Jina: Agripina. Neno la siri siandiki hata humu.

Jumatano, 11 Juni

Nimerudi jana jioni. Siku mbili, nimeifikia yote kumi na mitatu. Kompyuta ilinichapia mahali pa kila mmoja, na kweli, ukifika na kuinua macho, huo hapo.

Lakini alama hakuna. Kila mzinga umechongwa kwa panga pale palipokuwa na pembe sita. Jeraha bichi. Vibanzi viko chini, bado vyeupe. Alikuja baada ya gulio, ni mdomo wangu uliomtuma.

Niliumia. Sikai hapa kujidanganya. Niliketi chini ya mzinga wa mwisho, ule wa kwenye picha, nikamwambia Sostenes nisamehe. Nyuki wakanguruma tu.

Kisha nikapiga picha makovu yote, moja moja. Nyumbani nimeziweka ubavuni mwa zile za Agosti. Mti uleule, tawi lilelile, mzinga uleule — huku alama, huku jeraha. Hata mtoto ataelewa. Mwache tu aje!

Jumamosi, 14 Juni

Kikaoni. Naandika kwenye daftari nikiwa nimekaa nyuma, wanadhani naandika muhtasari. Begi la kompyuta liko magotini. Chaji imejaa. Nati iko kwenye pochi. Nimevaa kitenge kipya.

Sixbert anasoma orodha yake. Kaichapisha mjini, imewekwa plastiki. Yake, na halafu "mizinga kumi na mitatu niliyoachiwa na baba, haijawahi kuwa na alama ya mtu." Mzee Naftali kamuuliza, marehemu kaka yako hakuwa na mizinga upande ule? Kajibu, "Mwenyekiti, naapa, mimi na marehemu hatujawahi kukanyaga kule pamoja."

Nimenyamaza. Mimi! Nimeng'ata kofia ya kalamu mpaka imepasuka.

Sasa kaapa. Ndicho nilichokuwa nakisubiri. Nikifungua picha ile ya wao wawili, amekwisha. Hatakuwa na pa kuweka uso, si kikundini, si kanisani.

Pikipiki nje.

Jamani. Ni Bibi Eliza. Kashushwa mlangoni, na fimbo yake na kanga ya sikukuu. Sikumwita! Watu wote wamesimama kumwamkia. Kasema kasikia leo mkwewe anaonyesha kazi ya mashine, hawezi kubaki nyumbani na kuku.

Sixbert ndiye wa kwanza kumfikia. Kamshika mkono, kampa kiti chake mwenyewe, mbele kabisa, karibu na meza ya kompyuta. Kamtengenezea kanga mabegani. Hakujifanya, naona. Ni mama yake.

Hili sikulipangia.

Nimesogea mbele, nimeiweka kompyuta mezani na kuiwasha. Faili liko wazi, picha ni ya kwanza, nilipanga iwe ya kwanza. Mbonyezo mmoja. Ningeweza kuanza na makovu. Ningeweza kuonyesha mizinga tu, pembe sita peke yake, bila watu. Labda ingetosha. Labda isingetosha — wataamini miti au kiapo cha mwanamume?

Mzee Naftali kaita jina langu.

Bibi kavuta kiti mpaka magoti yamegusa meza. Uso wake uko shubiri moja na skrini. Kaniita nisogee, akaninong'oneza, lakini minong'ono ya Bibi husikika mpaka barabarani: "Uliniambia humo kunakaa ulichokiweka. Je, mwanangu, umemweka?"

Nimemjibu, "Yumo, mama."

Sixbert kasimama nyuma yake, mikono yote miwili kwenye mgongo wa kiti. Amesikia. Haangalii skrini, ananiangalia mimi.

Mzee Naftali anaita mara ya pili.