Makopo Matatu ya Samaki

Jumatatu, 4 Machi
Mayai thelathini na moja. Kuku sitini! Mikononi mwa mke wangu Pomaa walitaga hamsini na kitu kila siku. Tangu nimzike nachanganya chakula mwenyewe, nafuata daftari lake neno kwa neno: mahindi, pumba, soya, na samaki wa kusaga makopo matatu kwa gunia. Napima kwa rula. Nimefundisha hesabu miaka thelathini, kopo halinishindi.
Nimekula mkate. Fufu ya mihogo haitwangwi na mtu mmoja.

Jumatano, 6 Machi
Ishirini na saba. Konadu, dada yake Pomaa, amekuja. Hakuketi. Kwetu mali ya mke ni ya ukoo wake, mume hana chake, kwa hiyo sikubishana. Kuku Konadu aliniachia kwa muda tu. Wasiporudi kutaga kama zamani, arobaini ya marehemu, tarehe 23, wanaingia chunguni.
"Mgeni siku mbili, shemeji, ya tatu mpe jembe. Hawa wamekula bure wiki ngapi?"
Nilicheka naye. Alipoondoka nililia. Asubuhi ni hao kuku tu wanaonipigia kelele niamke.

Ijumaa, 8 Machi
Soko la Dormaa, kwa Takyiwaa muuza samaki. Alijaza kopo mpaka likaota kichwa. Nikatoa rula, nikalisawazisha. Soko zima likanitazama.
Takyiwaa: "Mwalimu, unakata nini? Mkeo hakuondoka hapa bila lumbesa. Na bado alidai kiganja cha nyongeza."
Kumbe kopo lake ni kopo na mlima wake! Hakuliandika. Nani huku huandika jambo kama hilo? Nimewanyima kuku samaki kwa unadhifu wangu.
Nimechanganya upya, kwa lumbesa. Nilitaka kumsimulia mtu. Hakuna.

Alhamisi, 14 Machi
Thelathini. Subira.

Jumanne, 19 Machi
Arobaini na mbili! Nimemwambia Pomaa, kwa sauti, pale bandani. Jirani amekohoa.

Ijumaa, 22 Machi
Arobaini na tisa. Nilizipanga trei barazani ili Konadu azione mapema. Ameziona. Amefurahi kweli, hata ameketi.
"Basi hawachinjwi, shemeji. Kuku wazuri hivi nawapeleka kwangu leo."
Leo! Sikujiandaa kwa hilo. Vijana wake wameshashusha vizimba garini. Ameuliza nawapa nini, nikampa daftari. Akasoma kwa kidole: "Samaki makopo matatu. Rahisi."
Nimesema naingia ndani kutafuta kalamu. Kalamu ninayo, ndiyo hii. Habari ya lumbesa sijamwambia. Nikinyamaza, mwezi ujao atawarudisha wakiwa hawatagi, au atawachinja. Nikisema, sitawaona tena.
Nje wanawakamata. Kuku wanapiga kelele zile za asubuhi. Konadu anaita kutoka barazani: shemeji, kuna lingine la kujua?
Nimesema nakuja.