Jina la Kaka Saidi

Mwanza

Mama, shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mvua imeshafika hapo Kilosa? Mimi mwili mzima, kazi ya kiwanda cha samaki ipo. Moyo ndio mgonjwa.

Uliniandikia kwamba kaka Saidi ameacha kukimbia, viatu kamgawia mtu huko Mikumi anakokaa, na ukimuuliza anajibu, "Uzee tu, mama." Si uzee. Ni mimi.

Tangu shamba la mkonge lifungwe akaachishwa kazi, mbio ndizo zilizomnyanyua. Mchana anauza mitumba, alfajiri anakimbia. Na haya mashindano ya maveterani yalianza na mpira tu, sasa kuna mbio, tufe, kuvuta kamba, mpaka bao, kila mkoa unaleta wazee wake.

Mama, mimi nina arobaini na moja. Kundi la arobaini wana kasi, nisingewaweza. Nikataka kundi la arobaini na tano. Tulipokuja kumzika baba, nikachukua cheti cha kuzaliwa cha kaka sandukuni mwako. Unakumbuka alivyokitafuta ukasema kimeliwa na panya? Panya ni mimi. Ujanani wenzangu walipunguza miaka wacheze, mimi nikaongeza.

Sikujua naye anakuja. Tuko Dar kwenye mashindano, nimeshavaa namba, nikasikia sauti yake kwenye meza ya kujiandikisha. Ana barua ya mwenyekiti wa kijiji badala ya cheti.

Mwandikishaji akamwambia, "Mzee, jina hili limeshaandikishwa, na ni la Kilosa hukohuko."

"Saidi ni mimi, dada."

Watu wakacheka. "Babu kaja kuiba jina!"

Akageuka, akaniona. Nikanyamaza, mama. Akaniangalia, halafu akamwambia yule dada, "Basi, nimekosea mimi."

Nilipokimbia alikuwa pembeni anapiga makofi. "Kaza, Saidi! Kaza!" Nikashinda. Kumtafuta, ameshaondoka.

Cheti na medali nimevifunga humu. Waandaaji nimewaambia ukweli, wamenifungia. Tafadhali mwite kaka kutoka Mikumi, umsomee barua hii mbele ya shangazi, usiruke neno. Mwakani wanakimbia tena. Akienda, naomba nisimame pembeni nimshangilie. Akikataa kuniona, aende tu, nitakaa mbali.

Nisalimie shangazi, shemeji mke wa kaka, na mjomba wa Msowero.

Mimi sina cheti, ulinizaa shambani. Nikumbushe ulikuwa msimu gani, mama, nirudi kwenye umri wangu.

Mwanao aliyekukosea,
Hamisi