Chungu cha Ulezi Alichokukatalia Bibi

Izia, Sumbawanga
5 Desemba 2025

Mpendwa mwanangu Fabiani,

Marahaba kwa salamu zako. Sisi hatujambo, ila Rahel ana mafua yanayokuja na mvua. Ninyi huko Tanga mnaendeleaje? Kifua cha mkeo kimepona? Mtoto ameanza kusimama?

Habari mpya ameitoa Bibi yako mwenyewe. Juzi Jumatano, kule Mpui, alifungua kile chungu cha ulezi alichokukatalia mwezi wa saba, kwenye ubatizo wa mwanao. Hakuna ukungu wala mdudu.

Unauliza ule msemo wa Kifipa aliokutolea mbele ya wageni ulikuwa tusi gani. Kwa kuwa uliondoka kesho yake bila kumuaga, na hujampigia simu mpaka leo, niliulizia vizuri kabla ya kukujibu.

Si tusi. Msemo wenyewe unasema mbegu hutengwa siku ile ile ya kupura, kabla mwenye nyumba hajala na kabla mgeni hajapiga hodi. Kinachobaki ni cha kula, kunywa na kugawa, na hapo hakuna kubana mkono. Wewe uliona mitungi miwili ya pombe ukadhani sherehe itakauka, ukataka na ulezi ule upikwe. Wa tatu ulikuwa nyuma ya nyumba, ukanywewa hadi Jumanne. Watu walicheka kwa sababu huku kuomba chungu cha mbegu kilichohifadhiwa darini ni sawa na kuomba supu ya kuku anayeatamia.

Kuhusu chanzo, Mzee Yohanes wa Kaengesa anasema kuna nyumba ilipika pombe ya wageni kwa mbegu, mvua ilipokuja ikazunguka kijiji kuomba ya kupanda. Mwaka haujui, nami sitaubuni. Mama mkwe wangu anabisha, anasema msemo ni wa wahunzi, waliobakiza chuma cha jembe moja kabla ya kuuza. Wote wawili wanakubaliana kuhusu maana.

Ulezi ule ni wa shamba la marehemu baba yako. Bibi hulilima kila mwaka kwa jina lako. Nilidhani unajua, kosa hilo ni langu.

Nilipomsomea barua yako alisema, "Mfipa gani huyu, ugali anaujua, mbegu haijui? Aje nimfundishe." Hana kinyongo. Ila ana miaka themanini na miwili, mgongo umegoma, na hataki mtu mwingine aisie mbegu ile shambani.

Nisalimie mkeo Happyness, na umbusu Angela. Rahel na Mathias wanawasalimu. Mungu awape afya, awafungulie njia.

Matuta yameshavunjwa, udongo umeloa. Tunasia Jumamosi tarehe 20, saa moja asubuhi. Bibi amesema atakusubiri mpaka saa nne.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye,
Kalisti