Mkono Niliounyanyua kwa Ajili ya Mikumi

Mdogo wangu Issa,

Mimi sokwe nimewaona Gombe kwa macho haya mawili, na mmoja akanishika mkono kama shemeji. Watoto wa hapa Kitaya nimewaambia hivyo miaka yote. Uongo mtupu. Sokwe nilimwona kwenye picha ya mwalimu wetu wa ngumbaro, kile kisomo cha watu wazima, na aliyeninyima kumwona zaidi ya hapo ni wewe.

Unaikumbuka siku ile? Kijiji cha ujamaa kilikuwa kipya, nyumba bado zinanuka udongo mbichi, na darasa letu limeshinda zawadi ya safari ya mbugani. Mwalimu akabandika picha mbili ubaoni: Mikumi, yenye tembo na twiga; na Gombe, yenye milima na sokwe wa kufuatwa kwa miguu msituni. Tuchague moja, na kila nyumba itoe mtu mmoja. Mimi nikataka sokwe. Ukasimama wewe, ambaye hata "a" ilikushinda, ukahutubia kama katibu kata:

"Ndugu zangu, nyani wanatumalizia mihogo hapa bure. Twende tukapande treni mpaka Kigoma kumtazama mjomba wao?"

Darasa likavunjika mbavu. Mikono ikahesabiwa, ikalingana. Nikabaki mimi tu, ambaye kwa kucheka sikuwa nimenyanyua popote. Ukaninong'oneza, "Kaka, ninyanyulie. Niende mimi Mikumi, nikirudi nitakulindia shamba msimu mzima."

Nikanyanyua. Mjinga mimi! Nilidhani unapenda tembo, kumbe unapenda barabara kuu inayopita pale.

Mwalimu akarudi bila wewe. Alimwambia mama, kofia mkononi, kwamba mlipotoka mbugani lori lilisimama, ukashuka kuchimba dawa, haja ndogo tu, hukuonekana tena. Walikuita mpaka sauti zikawakauka. Watu wakasema simba. Mama akakataa katakata: "Simba gani amle yule? Mvivu hata kutafunwa." Kila jioni alikuwekea ugali wako, akaniuliza, "Dawa gani hiyo, hajamaliza tu kuchimba?" Nami nacheka, ningefanya nini? Amekufa anauliza.

Hatujamaliza arobaini yake, dereva mmoja akaleta salamu zako kutoka Dar es Salaam. Mzima, una mke, una kitambi.

Kukimbia kijiji sikulaumu. Hata mimi miguu iliniwasha. Tulitolewa kwenye mikorosho yetu tukapangwa mistari kama miche. Lakini ungemwambia mama. Neno moja. Au ungeniambia mimi nimdanganye vizuri, maana uongo ndiyo kazi ninayoiweza.

Sasa mimi nimezeeka, nyani hawazeeki. Sitaki zawadi, wala usinieleze kitu. Uliniahidi msimu mzima. Nakupunguzia, siku moja tu. Njoo ukae dunguni, uwafukuze nyani, mimi nikalale. Debe la kupiga lipo palepale. Mama tumemlaza pembeni ya shamba hilohilo. Ulipige kwa nguvu, ajue umemaliza kuchimba dawa.

Kaka yako,
aliyekunyanyulia mkono