Aliyekimbilia Kibanjani Kwetu

Kaagya,
Bukoba.
29 Septemba, 1985.

Mpendwa mdogo wangu Ildefons,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Unaendeleaje na baridi ya Mbeya? Watoto wamepona surua? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto bado linanisumbua, na mvua imetuharibia kahawa uanikoni. Hayo ndiyo mazuri. Mengine kaa chini kwanza ndipo uyasome.

Unakumbuka kaka yetu Protase alivyokuwa wakati wa vita. Baba alipomwachia kiti, watu walimcheka kwamba amerithi ubunge kama mtu anavyorithi kibanja cha migomba. Lakini askari wa Amin walipovuka mpaka, Protase huyo huyo aliendesha Landrova mpaka Kyaka chini ya mizinga, akabeba akina mama na watoto majeruhi hadi viti vikalowa damu. Tangu hapo hakuna aliyemcheka. Mimi mwenyewe nilimpigia vigelegele.

Habari za kifo cha mwanawe Aroni ulizipata, ila hukuambiwa kilichomuua. Ni Juliana, ugonjwa huu mpya wa kukonda unaotumalizia vijana. Daktari alimwambia Protase wazi, nami nilikuwapo. Lakini pale kaburini, watu wamejaa na uchaguzi ni mwezi ujao, Protase akasema mwanawe amerogwa na wanaokitamani kiti chake. Akalia machozi. Nami nikanyamaza, Mungu anisamehe, nikisema moyoni ni uchungu wa mzazi.

Kila mtu alijua anamsema nani. Mpinzani wake ni mpwa wa Mzee Mushumbusi, yule aliyefanya omukago, udugu wa damu, na Baba, kila mmoja akala buni ya kahawa iliyopakwa damu ya mwenzake. Jumatano vijana wa kampeni ya Protase wakamvamia mzee. Wakafyeka migomba yote, wakachoma nyumba, wakamkata panga begani mpaka mfupa ukaonekana. Mzee wa miaka sabini na kitu! Akakimbilia kwetu, kwa sababu nyumba ya mtu mliyefanya naye omukago haiwezi kukufungia mlango. Nilimfunga jeraha kwa khanga mbili, zote zikalowa.

Wale vijana wakamfuata, wakajaa uani na mapanga yao, wakidai mchawi atolewe. Protase alikuwapo. Nikamshika shati, nikamwambia, "Sema neno moja tu. Sema mwanao aliumwa."

Akatazama chini. Ildefons, mtu aliyepita kwenye mizinga anaogopa kura! Nikamzaba kofi mbele ya wapiga kura wake, akajipangusa shavu, akaendelea kutazama chini.

Aliyesema ni Klaudia, mjane wa Aroni. Alitoka barazani akapandisha blauzi, wote wakauona upele wa mkanda wa jeshi umemzunguka ubavuni.

"Mume wangu ameuawa na Juliana," akasema, "na mimi ninayo. Waitu, ndugu zangu, sasa mtamkata nani?"

Wakamrushia jiwe, likampasua kipaji cha uso. Hakurudi nyuma. Alisimama vile vile, damu inamwingia machoni, mpaka wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Mushumbusi alikuwa amekwisha kupoteza damu nyingi. Alifia magotini pangu, na tumemzika kibanjani kwetu, ubavuni mwa Baba. Mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi kilio kimetujia mara mbili. Klaudia nimempeleka kwa wazazi wake Muleba, maana mawe hayajaisha huku.

Protase ananibembeleza ninyamaze mpaka kura zipigwe. Anasema damu ni nzito kuliko maji. Nilimwuliza damu ipi, ile ya Landrova au ile ya khanga zangu? Watu wanasema atashinda, na mimi naamini atashinda.

Kesho polisi wananiita Bukoba mjini. Wanataka kujua nani aliwatia wale vijana maneno ya uchawi. Nitawatajia kaka yangu. Nitawaambia pia kwamba nilisimama kaburini nikamsikia, na nilijua ukweli. Nimekuandikia leo ili usije ukayasikia kwa mtu mwingine.

Msalimie sana mkeo. Klaudia anakusalimu, anaomba umkumbuke kwenye Misa. Protase hana salamu, hajui kama nakuandikia. Mungu awape wanao ulimi kama wa Klaudia, awaepushe na ulimi niliokuwa nao mimi siku ile ya kaburi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinikasirikia,

Kokubanza