Sauti ya Jeep ya Kambale

Kambale, mdogo wangu,

Nimekaa nyuma ya nyumba ya tantine, ndugu yake mama, hapa Bungulu, pale ulipozoea kuegesha ukifika Beni. Jeep yako iko mbele yangu. Inadondosha oili, na tantine ameweka beseni lake bovu chini yake ili ua usichafuke. Ungemtania sana. Mimi leo sina nguvu ya kumtania mtu.

Sijui nianzie wapi. Ulipigwa risasi ukiwa njiani kumfuata mama, na tangu siku hiyo hakuna aliyenieleza dada mtu anafanya nini na gari la marehemu. Lori la mfanyabiashara mmoja liliivuta jeep mpaka Butembo, ikaachwa uani kwangu. Risasi zilipasua pia turbo, na lile bomba la moshi ulilochomelea mwenyewe kwa chuma cha mashine mbovu ya kahawa lilikuwa limeng'oka. Niliifunika kwa plastiki, nikataka ikae hivyo hivyo. Unanijua, mimi ni muuza vitenge. Gari kwangu ni kitu kinachofika au kisichofika.

Kisha watu wa Mangina wakaanza kuingia Butembo na magodoro kichwani. Mwanamke mmoja wa Mabalako alinitafuta sokoni, akaniambia mama yetu hakutoka na wengine. Amejificha ndani ya mashamba, nyuma ya kahawa zake. Nilituma watu wakamlete. Walipita wakiita jina lake, wakaita na majina yetu, wakarudi peke yao. Wenye bunduki nao siku hizi huita watu kwa majina, basi mama hatoki kwa kuitwa. Na hakuwa na habari kwamba umekufa. Yule mwanamke alionana naye kabla ya kukimbia, akashindwa kusema. "Nilimuona na macho, mais mudomo ilikataa," akaniambia. Nilimkasirikia sana. Leo namwelewa.

Mama alikuwa anangoja kile ulichomwambia. Nilikuwepo siku hiyo, tumekaa jikoni kwake tunakula bugali na sombe ya majani ya muhogo, wewe unasema huku mdomo umejaa: "Mama, vita ikifika huku, hapana toka kwa sauti ya mutu. Utatoka tu kama unasikia jeep yangu." Akacheka, akasema jeep yako hata viziwi wanaisikia. Ni kweli. Kwanza bomba linakohoa, halafu turbo inapanda, inapanda, mpaka inapiga mluzi wa mtu aliyepata habari njema. Huku Beni mpaka kule Kayna watu walijua ni wewe kabla hujakata kona.

Ndiyo maana ikabidi mimi, muuza vitenge, niende kuchagua turbo.

Nilimwendea Fundi Kasereka, yule uliyegombana naye kila juma na kula naye kila siku. Alilia kwanza, kisha akajifuta mikono na kuniletea turbo mpya iliyopitia Kampala, inang'aa kama sufuria ya arusi. Akaisifu: itavuta, haitavujisha kitu, itapanda mlima wowote. Na kwenye bomba la moshi akataka tutie silencieux, lile pipa la kumeza kelele, tupite kimya mbele ya wenye bunduki. Nikamwambia hapana, nataka kelele. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayeona msiba umenipanda kichwani.

"Mama Masika, turbo banaichagulaka na vidole, hapana na masikio."

Hata hivyo akaifunga ile mpya ili nisikie. Injini ilivuta vizuri, imetulia, kimya kama gari la askofu. Mama asingetoka kwa sauti ile, hata tungengoja mpaka mvua inyeshe mara ngapi.

Hapo nilifanya jambo ambalo lingekuangusha chini kwa kucheka. Nilisimama katikati ya garage, na umri wangu huu, nikaiimba jeep yako. Nilianza chini kwa kukohoa, nikapanda polepole, nikamaliza juu kabisa kwenye soprano. Mtu mmoja aliyekuwa chini ya lori akapiga kelele: "Mama, huku ni garage, haiko korali!" Lakini Kasereka alikuwa amefumba macho. Akasema, "Ile sauti ilikuwa ugonjwa." Bawa moja la turbo yako, alinieleza, lilikatika ncha, na mhimili wake ulikuwa umelegea. Mluzi ulitoka hapo. Alikuambia mara nyingi utengeneze, nawe ukakataa kwa sababu uliupenda. Kambale! Miaka yote ulituhubiria kwamba turbo ni mapafu ya gari, kumbe yako yalikuwa mabovu na wewe unajua. Nilikukasirikia pale pale, mbele ya watu, na nilifurahi kidogo kupata kitu cha kukukasirikia.

Basi tukaenda kwenye rundo la vipuri vya okazioni, vile vilivyokwisha kutumika. Kasereka alitia kidole katika kila turbo, akatikisa mhimili wake. Zile nzima alizitupa kando, na niliona inamuuma, maana ni kazi ya kinyume na yote aliyojifunza. Tulikuwa tunatafuta mgonjwa. Ya kwanza tuliyofunga ilitoa moshi wa bluu na kunguruma tu. Tukafunga nyingine, iliyotoka kwenye lori lililoanguka, pamoja na bomba lako lenyewe likiwa na viraka, bila silencieux. Alipokanyaga mafuta, Kambale, ulikuja. Nikakaa juu ya tairi. Nilimwambia azime. Akazima. Nikamwambia awashe tena.

Alinionya. Hii inakunywa oili, mhimili unacheza, inaweza kufa wakati wowote, na ikifia njia ya Mangina tunafia pamoja nayo. Nzima isiyosema, au mbovu inayosema. Nilichagua mbovu. Mpaka sasa sijui kama nilikuwa na haki ya kuchagua, maana aliyeshika usukani alikuwa yeye, na ana watoto.

Ya vizuizini sitakueleza. Baada ya Mangina vijiji vilikuwa vitupu, milango wazi, na sisi tunapita na kelele zetu, tukimwita mama na kumwita kila mwenye bunduki aliye karibu. Kwenye kahawa za mama, Kasereka alisimamisha jeep, akakanyaga mafuta. Hakuna. Akakanyaga tena, moshi ukatufunika. Mimi nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono yote miwili, siombi, sifikiri chochote.

Akatoka, Kambale. Mama anayelalamika magoti kila siku, alikuwa anakimbia. Bila viatu, bila kitambaa kichwani, amekonda, anacheka. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, akaufungua mwenyewe.

"Eko wapi Kambale?"

Kasereka akatazama usukani. Nilifungua mdomo, na mama akaniona, akanitangulia: "Malaria tena? Njo maana anakutuma weye?"

Nikasema ndiyo.

Nilijiambia kwamba akijua hatapanda, na barabara ile si ya kusimama. Labda ni kweli. Alipanda, na njia nzima alikuwa anakugombeza: "Atanisikia ile mutoto! Mimi mu pori na mbu, yeye eko analala ku kitanda!" Kisha akaupigapiga mlango wa jeep, kama vile unavyompongeza mtoto aliyefaulu shuleni.

Hapa kila mtu anajua isipokuwa yeye. Tantine alimkumbatia muda mrefu, akasema ni furaha tu. Sasa mama ameomba maji ya moto na kitenge ambacho hakijachanika, kwa sababu wewe hupendi kumwona mchafu. Nawasikia wanacheka ndani. Tantine anatoka kidogo, anakuja huku nyuma, anauma kitenge chake, kisha anarudi kucheka.

Kasereka amekuja sasa hivi kuniambia turbo imekwisha. Mhimili ulikatika tulipokuwa tunaingia Beni. Kesho asubuhi ataiondoa, afunge njia ya oili, tupande Butembo polepole bila turbo. "Moteur itawaka, mais ile sauti, basi." Nimeelewa maana yake. Mama ataisikia jeep ikiwaka bila sauti yako, na atageuka kunitazama mimi. Nimekuwa nikijaribu maneno hapa peke yangu. Nasema "Mama, Kambale..." na siendi mbele.

Lakini nakuahidi hivi: kabla Kasereka hajagusa ufunguo, nitakuwa nimemwambia. Mimi, nikiwa nimemshika mikono. Sitamwachia tantine, wala pasta, wala injini. Kisha nitampeleka kwenye kaburi lako, tukae pale kadiri atakavyotaka.

Kwaheri, mdogo wangu. Wasingya, asante kwa yote. Sasa hivi mama amekaa ndani, anakula maharage, ameomba aongezewe. Ndicho ulichokuwa umekifuata.

Yaya wako, dada yako mkubwa,
Masika