Kigari Kisichokata Kona

Shangazi mshauri, shikamoo, nakuandikia kwa sababu nimekosa mtu wa kumweleza haya bila kunicheka, na swali lenyewe ukilitazama juu juu hata wewe utacheka, maana ni swali la kigari cha kusukumia mtoto, kile cha magurudumu matatu, ila ukinivumilia hadi mwisho utaona kwamba nimejiharibia nyumba yangu kwa mikono yangu.

Mimi ni fundi vigae, mke wangu ni msusi, na kilichotukutanisha ni mbio, kwa sababu asubuhi kabla ya kazi kuna kundi la watu tunakimbia pamoja mtaani kwetu, na yeye alikuwa haachwi na mtu yeyote, awe mwanamume awe mwanamke, mpaka wakambandika jina Injini, na mimi kwa vile kila siku nilikuwa nyuma yake nahema wakaniita Mkia, jina ambalo sikulikataa kwa sababu kumfuata yule binti ndiyo ilikuwa shida yangu hasa. Kundi letu lina sheria moja tu, kwamba anayetangulia akifika kona ya duka la magodoro anageuka, anarudi mpaka akutane na wa mwisho, kisha wanaikata kona pamoja. Basi Injini alinirudia kwenye kona ile miaka yote ya uchumba wetu wala hakuwahi kuguna, na hata siku niliyomwambia nataka kumuoa nilimwambia pale pale, nikiwa sina pumzi, akanijibu, "Sawa, lakini maliza mzunguko kwanza."

Mtoto wetu alizaliwa kwa upasuaji, tukashukuru mama na mtoto wako salama, nikasubiri, na mtoto alipoanza kukaa mwenyewe nikaona sasa wakati umefika wa kumrudisha mke wangu barabarani, nikaanza kuulizia vigari kila mahali, kwa wateja wangu, kwa majirani, kwa yeyote niliyemwona anasukuma mtoto, mpaka watu wakaanza kunikwepa.

Dukani tulikwenda wote watatu. Muuzaji akatuonyesha viwili, kimoja gurudumu lake la mbele linazunguka huku na huku na unaweza kulifunga ukitaka kukimbia, na mpini wake unapanda na kushuka, lakini cha pili, Shangazi, gurudumu la mbele limekazwa, halizunguki kabisa, tairi zake kubwa za upepo, kinakwenda mbele tu, na mimi kazi yangu ni mistari, siku nzima niko na uzi na pimamaji, nikiona kitu kinakwenda bila kuyumba moyo wangu unatulia, kwa hiyo nilipokisukuma kikafuata mstari wa vigae vya pale dukani kutoka mlangoni hadi kaunta bila kuuacha hata kidogo, nilikirudisha mlangoni nikakisukuma tena.

Mke wangu naye akakijaribu. Kile kigari ili kikate kona ni lazima ukandamize mpini hadi gurudumu la mbele linyanyuke, ndipo ukigeuze, na mpini wenyewe uko juu, umekaa kwa kimo changu. Akakandamiza, akasimama, akaweka mkono chini ya tumbo, akasema, "Mwenzangu, hiki kinanivuta hapa."

Nikamwambia, "Utazoea bwana, kwani wewe si Injini?" Muuzaji akacheka, nami nikacheka, tukafungiwa kile kile.

Jumamosi iliyofuata alitoka na sisi, mara ya kwanza tangu ajifungue, kavaa raba zake za zamani, na mimi ndiye niliyesukuma, na tulipofika barabarani wenzetu wakaanza kupiga makofi, "Leo Mkia uko mbele!" na mtoto anacheka kwa sauti, kigari kinateleza, Shangazi sifa zilinipanda kichwani, maana tangu nianze kukimbia sijawahi kuwa mbele ya mtu. Nilifika kona ya duka la magodoro, na pale ndipo nilipotakiwa kugeuka, lakini kigari kilikuwa kimeshika mwendo na kukigeuza ni kazi, nikanyoosha moja kwa moja mpaka lami ilipoishia. Niliporudi hayupo. Nilimkuta nyumbani, amekaa kwenye ndoo ya uani, hajavua raba, akaniambia tu, "Mlikuwa mnapendeza kwa nyuma."

Tangu siku hiyo raba zimehama mlangoni, ziko juu ya kabati ndani ya mfuko uliofungwa fundo. Akienda saluni anambeba mtoto mgongoni, kwa sababu kigari hakipiti hata mlango wa saluni, nalo hilo sikulifikiria. Nikimuuliza anasema, "Kigari ni kizuri, nyie kimbieni." Haninunii, anaongea, anacheka na mtoto, ananiuliza habari za kazi, na hapo ndipo ninapoumia, maana angeninunia ningejua pa kuanzia. Mama yangu anasema mwanamke mwenye mtoto mchanga anatafuta nini barabarani, dada mkubwa wa mke wangu anasema kiherehere changu kimenizidi, wenzangu wanasema nimpe muda, na mimi kila nikikitazama kile kigari kimesimama pale sebuleni kimenyooka naona aibu.

Naomba uniambie, kwa familia ya mazoezi kama yetu, nikiuze ninunue kingine, na kama ni kingine kiwe cha namna gani, au nihangaike na jambo jingine kabisa? Najuta, Shangazi, ila sijui hasa najutia kipi.

Ni mimi, Mkia.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mkia. Nimecheka pale ulipochumbia huku unahema, na pale kwenye ndoo nikaacha kucheka.

Barua yako nimeisoma, nikarudia, nikimtafuta mkeo. Muuzaji nimemsikia, mama yako nimemsikia, wapiga makofi nimewasikia, hata tairi za upepo umenieleza nikazielewa. Mkeo ana maneno machache tu humo ndani, na la maana kuliko yote alilisema dukani, mkono ukiwa tumboni, nawe ukalijibu kwa utani mbele ya mtu baki. Mwanamke aliyepasuliwa anakwambia kinanivuta hapa, unamwambia utazoea. Azoee nini, baba, mshono?

Unasema hujui unajutia kipi. Unajua sana. Kabla ya kona kulikuwa na duka la vigari.

Sikuiti mtu mbaya. Ulimkumbuka mkeo alivyokuwa ukataka arudi, na kumkumbuka mtu wakati mnalala chumba kimoja kunauma, hilo nalielewa. Ila siku ile yeye hakutoka kushindana. Alitoka kuona kama mwili wake bado unamtii, na akaishia kuitazama migongo yenu. Na unanishangaza wewe fundi vigae! Hakuna chumba ulichowahi kukimaliza kwa vigae vizima vitupu. Ukifika ukutani unapima, unakata, unapachika. Nyumbani kwako umefika ukutani, ukataka ukuta ndio usogee.

Kuhusu kigari, maana umeuliza na sitakukwepa. Gurudumu lililokazwa ni la mtu anayekimbia tu, tena kwenye barabara iliyonyooka. Nyinyi pamoja na mazoezi yenu mnakwenda saluni, mnakwenda dukani, mnageuka geuka siku nzima kama watu wengine. Kiuze hicho. Chukueni chenye gurudumu linalozunguka, mlifunge siku ya kukimbia, chenye mpini unaoshuka hadi kwenye kiuno chake yeye na mkanda wa kujifunga mkononi kisije kikawaponyoka kwenye mteremko. Mlango wa saluni kaupime kabla hamjatoka nyumbani, futi kamba si unayo mfukoni? Na kabla mtoto hajarudi kwenye mbio, mwulizeni daktari kama shingo na mgongo wake vimekaza vya kutosha, maana kukaa mwenyewe mkekani na kurushwarushwa barabarani ni vitu viwili. Hapo hapo mama naye akalitazamishe lile tumbo. Kuvutwa baada ya miezi yote hiyo si kitu cha kunyamazia, na wewe ndiye uliyemfundisha kunyamaza.

Lakini usithubutu kumletea kigari kipya kwa kumshtukiza, eti zawadi. Utakuwa umemchagulia tena. Anza na maneno. Tafuta mchana mmoja mtoto amelala, kaa naye chini, mwambie, "Uliposema kinakuvuta nilisikia. Nilijifanya sikusikia kwa sababu nilikuwa nimeshakipenda." Ishie hapo, neno "lakini" lisikutoke. Akilia mwache alie. Akikukasirikia shukuru, ndipo pale pa kuanzia ulipokuwa unapatafuta.

Kisha mwende dukani. Safari hii asukume yeye, akate kona zote za duka lile, awagonge wateja akitaka, na wewe mshike mtoto ufunge mdomo. Muuzaji akicheka, usicheke naye.

Raba usiziguse. Usizishushe, usizifute vumbi, usizitaje. Fundo lile alilifunga mwenyewe, na atalifungua mwenyewe akitaka, na asipotaka bado ni mkeo na mama wa mwanao. Jina la Injini waambie wenzako walipumzishe mpaka mwenyewe aliulizie.

Na ikitokea asubuhi moja ametoka, hata kama ni kwa kutembea, hata kama amevaa kandambili, na wewe ukajikuta umetangulia, basi ukifika duka la magodoro usiangalie mtoto anacheka wala nani anapiga makofi. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa anarudi kukuchukua. Geuka, Mkia, urudi umchukue.